Mti wa Punje Nyuma ya Tangi

Baba yao alipofariki, shamba la mizeituni liligawanywa na barabara ya vumbi iliyolikata katikati. Dada mtu akapata upande wa miti ya bonge, zeituni nono zinazojaza kikapu upesi. Mdogo mtu akapata miti ya punje, vizeituni vya kuchuma mpaka mgongo ulie. Kugawana hakukuleta ugomvi. Ugomvi uliletwa na mdomo wa dada mtu, ambao tangu utotoni haukuwa na breki.

“Mdogo wangu, hizi ni zeituni au mavi ya mbuzi?” aliuliza kinuni, wanakokamulia mafuta, mbele za watu. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Mdogo mtu alicheka nao, kisha akarudi nyumbani akatafuta msumeno. Akakata vichwa vya miti yake yote na kuunga vijiti vya bonge juu ya mashina, ili siku moja naye aingie kinuni kifua mbele. Mmoja tu ulimshinda, ule wa nyuma ya tangi la maji, ambako baba aliwafungia kamba ya bembea walipokuwa watoto. Aliusogelea na msumeno, akaona haya, akaingia ndani.

Vijiti vikashika, na pande zote mbili zikawa bonge tupu, kasoro ule mti mmoja. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Maua yalifurika, yakapukutika, halikubaki tunda ila kwenye miti michache iliyo karibu na tangi. Mwaka uliofuata vilevile. Bwana shamba akawaeleza, kila mmoja kwake, maana hawakuwa wakisemezana: bonge haizai kwa chavua yake yenyewe. Inataka chavua ya aina nyingine, iletwe na upepo. Kumbe miaka yote ile bonge za dada mtu zilikuwa zikizaa kwa hisani ya mavi ya mbuzi! Mdogo mtu alicheka peke yake jikoni, na kusema kweli alikuwa na haki ya kucheka.

Sasa maua yalikuwa yamefunguka tena, na maua ya mzeituni hayakai. Shemeji, mume wa dada mtu, alishaapa kwamba yakianguka bure safari hii, atang'oa kila shina la mkewe apande vitunguu. Mti wa tangi uliweza kuipepea miti ya mdogo mtu iliyo karibu, lakini ng'ambo ya barabara chavua yake haikufika. Dawa ilikuwepo: kukata matawi yenye maua, kuyatia kwenye ndoo za maji, na kuyatundika upande unakotokea upepo. Lakini aje aombe, alisema mdogo mtu moyoni. Mdomo uliotukana ndio uombe. Akakaa barazani kumngoja, akikaza vifungo vya nguo yake ambavyo havikuwa vimelegea.

Dada mtu hakuja. Asubuhi moja maua meupe ya kwanza yalipeperuka kutoka ng'ambo yakaangukia mapajani mwa mdogo mtu, naye akaogopa kwelikweli. Miti ile baba aliimwagilia kwa kopo. Akachukua ndoo na msumeno, akakata matawi ya mti wa tangi, akavuka barabara.

Alimkuta dada yake juu ya ngazi, brashi mkononi, akipangusa maua ya bonge kwa vumbi la chavua ya bonge ileile.

“Dada, unafanya nini huko juu?”

“Nafagia,” dada mtu alijibu bila kugeuka.

“Unafagia maua?”

Dada mtu akaishusha brashi. “Shemeji yako keshaleta mbegu za vitunguu. Ziko chini ya kitanda.”

Mdogo mtu alikuwa na maneno makali, ameyatunza miaka. Yote yalimtoka kichwani.

“Shuka unishikie ndoo,” alisema.

Wakatundika matawi ya punje mstari mzima, wakayatikisa hadi jioni.

Vitunda vilishika, vidogo kama vichwa vya njiti za kiberiti. Shemeji alipanda vitunguu vyake nyuma ya choo, kwa kununa. Dada mtu akamwita mdogo wake aje na msumeno na vijiti vya punje, akamsimamisha chini ya mti wa langoni, ule anaowaonyesha wageni.

“Kata huu, unga punje.”

“Dada, huu umejaa! Kata ule mgonjwa kule.”

“Upepo unaingilia hapa. Na atakayeniuliza kwa nini nimeukata mti wangu mzuri kuliko yote, nitamjibu mwenyewe. Kinuni. Mbele za watu.”

Mdogo mtu akaweka msumeno kwenye tawi, na dada mtu akalishika lisitikisike.