Friji ya Duka la Nusura

Haya, wewe uliyeketi nami, tegua hiki kabla chai yako haijapoa. Nina mapacha wawili, wote wanakaa kinywani mwangu, kitanda kimoja. Mmoja hulala kimya, mwenzake hutetemeka. Nikimwita anayetetemeka, anaitika aliyelala, na mimi mama yao sioni tofauti. Ni akina nani?

Hujui. Basi hata ukinipa mji, ukanipa Kampala nzima na vilima vyake vyote, sikuambii sasa. Sikiliza kwanza namna mapacha hao walivyotaka kumtoa mtu nyumbani kwangu na mabegi yake.

Mtu huyo ni Nabintu, mpangaji wangu, mtu wa Bukavu, huko Kongo. Chumba chake kinatazamana na jiko langu, hapa Old Kampala chini ya msikiti, na barazani kwake anasuka nywele za wanawake tangu asubuhi. Miaka sita alikaa kwetu kwa amani. Vitendawili vyangu alivipenda, na vya kwao alinitegea. Ila Kiswahili chake sikukiachia hata siku moja. "Nabintu, bibi ni nyanya, si mke wa mtu!" Na hawa wa hapa Kampala wanaosema kura wakitaka kula, nao niliwasahihisha sokoni bila kuombwa. Babu yangu alikuja huku na misafara ya pwani, na katika ukoo wetu Kiswahili ndicho kitu pekee tulichorithi bila kugombana.

Sasa friji. Mume wangu, Mzee Mahmoud, anachoma sindano ya sukari, na dawa ile inataka baridi. Tulikuwa tunaiweka dukani kwa Obonyo, katikati ya soda zake. Kila anayekuja kununua soda anaigeuza dawa ya mume wangu, anauliza hii ina ladha gani. Nikachoka. Mwaka ule shule zilipofunguliwa tena baada ya ugonjwa wa korona, nikasikia tangazo redioni: kuna duka linauza friji kwenye mtandao, wanakuletea mpaka mlangoni, na duka lenyewe linaitwa Nusura Elektroniki.

Nusura! Jina langu mimi. Nikaona duka lenye jina langu haliwezi kunidhulumu.

Nilikwenda kwa Nabintu kwa sababu simu yake ilikuwa inajua mambo hayo, nywele za wateja wake alizinunua humo humo. Nilimkuta mikono imo kichwani mwa mteja, inang'aa mafuta.

"Jaja, andika jina kwa karatasi," akasema, maana aliniita nyanya kama Waganda. "Nikimaliza huu mstari, miye nitaliandika kwa simu."

Nikachana kipande cha gazeti, nikaandika pembeni kwa herufi kubwa, nikakiegemeza kwenye kopo lake la mafuta. Alipofuta mikono aliangalia karatasi, akabonyeza simu, na friji ikatokea. Nyeupe, milango miwili, na bei yake chini kuliko ya maduka ya Kikuubo. Mwanangu Fahim, ambaye ni karani wa mizigo bandarini Port Bell, akalipa kwa simu yake kutoka huko huko. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza duka liko mtaa gani. Tuliiona picha, tukaanza kuhamisha kabati kutafuta nafasi.

Siku ya nne akaja kijana wa bodaboda na boksi kwapani.

Kwapani! Mzee Mahmoud akauliza, "Hiyo ni friji ya kukunja?"

"Mama, weka saini hapa, tafadhari," kijana akasema.

"Tafadhali," nikamsahihisha.

"Ndiyo. Tafadhari."

Tukafungua. Ndani mlikuwa na friji, sisemi uongo. Ya mdoli. Ya plastiki, nyeupe, milango miwili, urefu wa kiganja changu, na ndani yake mayai mawili ya plastiki. Mzee Mahmoud akaifungua, akaifunga, akaiweka gotini.

"Duka halikudanganya," akasema. "Walisema nusura. Hii kweli ni nusura friji."

Mimi sikucheka. Kijana wa bodaboda alishaondoka, na namba ya duka ilikuwa haipokei.

Jioni ile Fahim alifika, hata viatu hakuvua. Alikuwa ameulizia, akaenda kwanza Kikuubo, kwenye duka lenyewe. Wakamtoa nje wakamwonyesha bango lao. Sisi ni Nusura, wakamwambia, kwa R. Hawa waliokula pesa yako ni Nusula, kwa L, wamelivaa jina letu kama shati la kuiba, wala wewe si wa kwanza kutujia hapa unapiga kelele.

"Nabintu!" Fahim akaita uani. "Toka nje!"

Nabintu akatoka na kitana mkononi.

"Nani alibadilisha herufi?"

"Herufi gani, kaka?"

"Usiniite kaka. Mama alikwambia Nusura. Wewe ukaandika Nusula. Na mimi nikatuma pesa, na simu ikaniandikia jina la anayepokea. Unajua ni nani? Emile." Akamsogezea simu usoni. "Emile! Hilo ni jina la wapi? La Masaka? Ni nani wako?"

"Ma-Emile ni wengi kama mawe," Nabintu akasema. "Kila Mahmoud wa mji huu ni baba yako?"

Wanawake waliokuwa wakisukwa wakaguna. Fahim akaiva uso.

"Mwizi, na mdomo juu!"

"Miye siko mwizi. Niliandika vile karatasi ilikuwa inasema. Karatasi aliandika nani?"

"Iko wapi hiyo karatasi?"

Akaonyesha ufagio kwa kitana. "Tulifagia pamoja na nywele. Tukachoma."

"Eee! Imechomwa! Majivu nayo tuyapeleke kwa mwenyekiti wa mtaa yatoe ushahidi?"

Nabintu akageuka kwangu. "Jaja, sema. Karatasi aliandika nani?"

Nami nikasema, na maneno yale ninayakumbuka mpaka leo kwa sababu nilinyoosha na kidole: "Niliandika mimi, na niliandika sawasawa. Nusura ni jina langu tangu nizaliwe, nitalikosea? Ninyi wakuja ndio mnaochanganya hizo herufi. Miaka sita nakufundisha, sikio lako limeziba. Kama si mwizi basi ni mjinga, na kama si mjinga ni mwizi. Chagua mwenyewe."

"Na wewe, Jaja?" akasema. Akaingia ndani, akafunga mlango.

Tangu hapo uani hapakukalika. Kamba ya nguo niliikata upande wake. Jiko la mkaa nililisogeza makusudi ili moshi uende barazani kwake, wateja wakawa wanasukwa huku wanakohoa. Yeye akapita mbele yangu asubuhi kama anapita mbele ya nguzo, hakuna shikamoo, hakuna habari. Kisha akafanya jambo lililonichoma kuliko matusi. Bakuli langu la futari, ambalo lilibaki kwake tangu Ramadhani, akanirudishia. Limeoshwa, limefutwa, tupu. Miaka sita bakuli hilo lilikwenda na kurudi, na halikuwahi kurudi bila kitu, hata ndizi moja, hata chumvi. Aliliweka kizingitini akaondoka.

"Umeona dharau?" nikamwambia mume wangu.

Mzee Mahmoud alikuwa anangoja dawa yake itoke kwa Obonyo. "Nimeona bakuli," akasema. "Dharau zimekuwa nyingi humu, sijui ipi ni yake na ipi ni yako."

Nikaliingiza bakuli ndani, tupu hivyo hivyo.

Fahim alitaka mwisho wa jambo uwe Ijumaa. Si kumtoa tu. Alitaka barua ya mwenyekiti wa mtaa, yenye muhuri, iseme ametolewa kwa wizi. Hapa Kampala ukitaka chumba kipya, mwenye nyumba anakuuliza barua ya mwenyekiti wa ulikotoka. Ukiwa na barua kama hiyo, hata choo hupangishwi. Mkimbizi tena, mwenye kitambulisho cha karatasi! Nabintu aliyajua hayo. Alhamisi nilimwona anafunga nywele zake za kuuza ndani ya mifuko, anahesabu kopo moja moja la mafuta. Wateja wawili alikuwa amewarudisha. Moyo ulinisuta, nikaukemea.

Ijumaa baada ya swala tukaenda kwa mwenyekiti. Anaitwa Aloyo, mama mmoja mnene wa Kitgum, anakaa barazani na meza yake, na juu ya meza daftari, muhuri na kikopo cha wino. Mzee Mahmoud alikataa kubaki nyumbani, akaja na mkongojo wake. Obonyo akaja kama shahidi, ingawa hakuna alichokiona isipokuwa dawa katikati ya soda.

"Kila mutu nasema kwa zamu yake," Aloyo akasema. "Mutu akikata maneno ya mwingine, mimi namutoa inje."

Fahim akasema yote, akaweka friji ya mdoli mezani. Obonyo akashindwa kujizuia, akaufungua mlango mdogo akachungulia.

"Obonyo, acha mayai ya wenyewe," Aloyo akasema. "Nabintu, wewe sasa."

"Mwenyekiti, mimi nina kitu kimoja tu. Niliona karatasi, nikafuata herufi za karatasi. Karatasi ilikuwa na L. Aliandika nani?"

"Imekwishajibiwa hiyo," Fahim akasema. "Mama aliandika kwa R."

"Uliona?"

"Mama yangu hasemi uongo!"

"Na mama yangu mimi alizaa mwongo?"

"Basi!" Aloyo akapiga meza, friji ikaruka. Akatuangalia mmoja mmoja. "Karatasi hakuna. Mwizi yuko kwa simu, hatumuoni. Mwenye nyumba hataki mupangaji. Mimi nitaandika barua. Lakini kwanza wote muliokuja muandike majina kwa daftari, halafu napiga muhuri."

Daftari likazunguka. Fahim akasaini kwa mkato, kama karani. Obonyo akaandika polepole, ulimi nje. Nabintu akakataa kalamu. "Siandiki jina yangu chini ya uongo," akasema, na machozi yake yalikuwa ya hasira, aliyafuta kwa mkono wenye mafuta.

"Niandikie na mimi, mama Fahim," Mzee Mahmoud akaniambia, "mkono unatetemeka." Nikamwandikia. Kisha nikaandika langu.

Mimi si mtu wa kuandika. Darasa la saba sikulifikia. Mara ya mwisho kushika kalamu kabla ya kile kipande cha gazeti, sikumbuki, labda siku ya kitambulisho cha taifa. Lakini jina langu nalijua, mkono unakwenda wenyewe. Nikamaliza, nikataka kusukuma daftari, macho yakabaki palepale.

Nusula Mahmoud.

Nikalisoma tena. Herufi kubwa nzuri, zimenyooka. Nikamwona mwalimu wangu wa darasa la pili, Muganda, mtu mpole, akiniuliza jina mbele ya darasa. Nikamwambia Nusura. Akaandika alivyosikia yeye, kwa sikio la Kiganda, na mimi nikanakili alivyoandika. Nikanakili mwaka ule na mwaka uliofuata, nikanakili kwenye cheti cha ndoa, nikanakili kwenye kitambulisho. Maisha yangu yote ulimi umesema Nusura na mkono umeandika Nusula, na havijawahi kukutana hata siku moja mpaka Ijumaa ile mezani kwa Aloyo.

Ndio hao mapacha wangu. R ndiyo inayotetemeka, L ndiyo iliyolala. Mimi niliyezunguka Kampala nzima nikisahihisha vinywa vya watu.

Hakuna aliyeona. Fahim alikuwa anaangalia saa. Obonyo alikuwa amerudi kwenye mayai ya plastiki. Nabintu alikuwa anautazama ukuta. Ningelifunga daftari, lingefungwa. Barua ingepigwa muhuri, Jumamosi chumba kingekuwa wazi, na mwanangu asingejua kwamba pesa yake aliipoteza mama yake, yule wa Kiswahili cha pwani.

Aloyo akamaliza kuandika barua, akaupulizia muhuri pumzi, haaa, kama watu wanavyopulizia kioo.

"Kabla haujapiga," Nabintu akasema. Hakupiga kelele safari hii, wala hakugeuka. "Nauliza mara ya mwisho, halafu nitaenda. Ile L, aliandika nani?"

"Piga muhuri, mwenyekiti," Fahim akasema.

Nikauweka mkono wangu juu ya barua, muhuri ukasimama hewani. Nikaligeuza daftari, nikalisukuma mpaka mbele ya Nabintu, nikaweka kidole chini ya jina langu, palepale penye ile herufi.

"Mimi," nikasema.