Makaa ya Batulo

Kila alfajiri Batulo akimaliza kuswali aliwasha jiko, kisha akaniletea makaa mawili matatu yaliyoshika moto, juu ya kifuniko cha sufuria. Mimi nasali Jumapili, yeye kila siku, kwa hiyo moto ulikuwa wake. Tulitenganishwa na ukuta tu, hapo Kayole. Mwanangu Mativo huendesha lori, huja akikumbuka. Wa kuniuliza nimelalaje alikuwa Batulo.

Vita vilimtoa kwao Somalia akaja kwa bahari. Mashua zilikuwa mbili. Wanawake walitangulizwa, mumewe Sharmarke akabaki apande ya pili. Ya kwanza ilifika Mombasa. Batulo alingoja miaka katika kambi ya huko pwani, mwisho akaja Nairobi kuuza mitandio.

Basi redio ikasema kambi za pwani zinafungwa. Waliokuja kwa bahari wote wapelekwe kambi ya Kakuma, kule kaskazini, na waliojificha mjini wajitokeze kabla ya kukamatwa. Batulo akaanza kukunja nguo. Nilikaa kutwa nikifikiria, jioni nikamwita. Nikamwambia polisi wakija, nitasema yeye ni mke wa Mativo. Mzee kama mimi nani atanibishia.

"Na Mativo akikataa?"

"Yuko wapi wa kukataa? Heri aoe bila kujua, maana akijua haoi."

Alicheka mpaka akajifuta macho kwa mtandio. Nikadhani amekubali. Nikaanza kumfundisha majina ya watu wetu, shangazi Wanza, mjomba Musau, naye akiyarudia vizuri kabisa. Kisha akavuta nguo nyingine, akaikunja.

"Susu," akasema, kama watoto wa ploti wanavyoniita, yaani nyanya, "nikiwa mke wa Mativo, Sharmarke akifika ataniulizia kwa nani? Akitoka baharini watampeleka Kakuma. Nataka anikute huko, kwa jina langu."

Ile mashua ya pili haikuwa imesikika miaka yote hiyo. Nilimpa blanketi langu zito, nikamwambia afunike maji yake vizuri, huko kuna vumbi.

Asubuhi ya kuondoka aliniletea makaa kama kawaida, akayaweka jikoni mwangu, akabeba mzigo wake. Sikuweka sufuria. Niliyaangalia mpaka yakawa majivu.

Chumbani mwake sasa anakaa dereva mmoja, Muturi, kijana mpole. Anapikia stovu ya mafuta ya taa, hana haja ya moto wa mtu. Kifuniko cha Batulo kilibaki kwangu. Nimekisugua, nimekiweka juu ya kabati. Hakuna sufuria yangu kinayoitosha.