Maumivu ya Geraldine Mbele ya Majaji Watano

Siku kesi ilipoanza, Geraldine Kubiak, mpishi wa shule moja mjini Buffalo, Marekani, aliingia mahakamani kwa magongo, sandwichi ya soseji mkobani, kwa sababu mkahawa wa pale ni wa bei ya mawakili. Lori la kampuni ya maziwa lilikuwa limerudi nyuma bila dereva kuangalia, likambana mguu ukutani. Mifupa iliunga. Maumivu yalibaki, yakiunguza kutwa kucha kama mafuta ya kukaangia.

Maumivu hayo yalikuwa yanavulika. Geraldine aliyavuta kuanzia gotini kama soksi, na mtu mwingine aliweza kuyavaa kwa muda. Kisha yalirudi yenyewe kwake, kama kuku ajuaye banda lake. Jaji aliyapokea kuwa kielelezo. Wakili wa kampuni alipinga, akisema yangechafua zulia.

Wananchi sita wa juri, watu wa kawaida walioitwa kuamua kesi, waliingia nayo chumbani kupanga fidia. Mmoja wao, Otis Fairley, fundi mstaafu wa mabasi, alivua kiatu.

"Leteni nianze mimi. Miguu hii imeshazoea tabu."

Aliyavaa. Jasho likamtoka mpaka kwenye masikio.

"Vipi, baba?" aliuliza Renata, msusi.

"Pokea, mwanangu. Siyawezi."

Walipokezana. Mmoja alitapika kwenye ndoo ya takataka, akaomba radhi. Hakuna aliyebishana tena: dola milioni mbili.

Kampuni ikakata rufaa. Petrone, wakili wa Geraldine, alisimama mbele ya majaji watano, akayaweka maumivu mezani pao.

"Waheshimiwa, naomba mmoja wenu ayavae. Dakika moja tu."

Jaji Whitcombe, kiongozi wao, aliyasogeza kwa ncha ya kalamu apate pa kuweka kikombe.

"Wakili, sisi tunasoma kumbukumbu za kesi. Haya yako ukurasa gani?"

"Wa kwanza hadi wa mwisho, mheshimiwa."

"Hm. Kuna mguu wa kule mjini Syracuse tuliouamua mwaka juzi. Ulipata laki tatu. Huu umezidi nini?"

"Ule ulikuwa wa mtu mwingine."

"Mguu ni mguu," alisema Jaji Whitcombe, na wenzake wanne wakaandika.

Hukumu ilikuwa ya adabu. Iliwasifu wananchi sita kwa huruma yao, ikasema fidia imevuka mno kiasi kinachofaa: Geraldine akubali laki tatu, au suala la fidia lisikilizwe upya. Haikuagiza maumivu yapunguzwe kwa kiwango hicho hicho, nayo hayakupungua.

"Kuanza upya ni muda gani?" Geraldine aliuliza.

"Miaka, mama," Petrone alijibu.

"Na hospitali wanapiga simu kila asubuhi wakidai pesa zao. Lete kalamu."

Tangu hapo Otis hufika kwake Jumapili baada ya ibada. "Haya dada, vua ulale," husema. Geraldine hulala kwenye kochi, mdomo wazi, naye Otis hukaa jikoni akiuma kitambaa cha sahani. Renata huja katikati ya wiki, akifunga saluni mapema.

Jumapili moja waliamua kwenda dukani. Otis ndiye aliyeyavaa, ili Geraldine achague viazi bila magongo. Kwenye foleni ya malipo, mbele yao, alisimama Jaji Whitcombe na samaki wake kwenye karatasi.

"Mheshimiwa," Otis alisema, akiwa ameushika ukingo wa kaunta, "yale maumivu ya Kubiak ndiyo haya. Foleni yenyewe ndefu. Yajaribu kidogo."

Jaji aliutazama mguu wa Otis kwa heshima zote.

"Nakumbuka," alisema. "Niliyasoma. Yalikuwa yameandikwa vizuri sana."

Akalipia samaki wake, akamtakia kila mtu Jumapili njema, akaelekea mlangoni kwa mwendo mzuri, mwepesi, wa mtu mwenye miguu miwili mizima.