Kadi Mbili Ndani ya Gari Moja

Fundi mmoja aitwaye Hayati, binti Houssein, alikuwa na ugonjwa mmoja: akianza kueleza mashine, hanyamazi. Wiki nzima aliwasimamisha madereva wa bandari ya Moroni juani, akawasomesha kama watoto wa chuoni.

"Kadi ya gari iko kwenye kioo cha mbele, msiibandue. Kadi ya dereva ikae mfukoni. Kisomaji kikiziona zote mbili kutoka mbali, boriti inapanda yenyewe, wala huna haja ya kushusha kioo. Bila kadi hupiti. Hata ukiwa mume wangu, hupiti."

Madereva wakaangua kicheko, maana mume wake alikuwa mle mle mstari wa mbele. Mikidache, mtu wa Mutsamudu kisiwani Nzuani, alikuwa amekunja mikono kifuani kama mwanafunzi mwema.

"Fundi," mmoja akachokoza, "na nyumbani anaingia kwa kadi?"

"Nyumbani anaingia kwa adabu. Nyumba ni yangu."

Na kweli ilikuwa yake. Visiwani kule mwanamume haoi kisha akajenga; anaoa kisha akahamia. Nyumba ya mtaa wa Badjanani Hayati aliachiwa na mama yake, na Mikidache aliingia humo na sanduku la nguo na redio mbovu. Redio aliitengeneza Hayati, na mapenzi yakaendelea.

Kisomaji chenyewe kilikuwa kisanduku cha kijivu, kipana kama sinia, kimefungwa juu ya nguzo kando ya lango. Kadi zake zilikuwa nene kama kipande cha sabuni, kwa kuwa kila moja ilibeba betri yake. Na kilikuwa na ujanja uliompa Hayati fahari. Tabia ya madereva wetu inajulikana: mmoja anakuja kazini na vitambulisho vya wenzake, wote wanahesabiwa wamefika, kumbe wako harusini wanakula pilau. Mkurugenzi alitaka mchezo huo ufe. Kwa hiyo Hayati aliielekeza mashine hivi: ikisikia kadi mbili za madereva ndani ya gari moja, boriti isipande, taa nyekundu iwake, king'ora kilie, na majina yote mawili yatokee kwenye kompyuta ya mlinzi. Aliijaribu, ikalia, akapiga makofi peke yake.

Hiyo ilikuwa katikati ya Aprili ya tisini na tisa. Kisiwa cha Nzuani kilikuwa kimekwisha jitenga na visiwa vingine, na kule Antananarivo wajumbe walikuwa wanazungumza ili kirudi. Wajumbe wa Nzuani wakakataa kutia saini. Habari ilipofika Moroni, mji ukageuka. Vijana wakapanga mawe na matairi barabarani, wakasimamisha kila teksi, wakamwambia kila abiria aseme neno. Mnzuani akifungua mdomo tu amejulikana. Maduka yao yakavunjwa, watu wakasukumwa hadi bandarini na magodoro vichwani. Nje ya bandari ya zamani, mahali meli kubwa zinapotia nanga, ilisimama meli ya kuwapeleka Mutsamudu, na mashua ziliwasomba kutoka gatini.

Mikidache alikuwa amejificha nyumbani, ukumbi wa ndani, nyuma ya makabati ya mahari. Meli ingeondoka siku ya pili alasiri. Ungedhani ni jambo jepesi: wanamtaka aondoke, na yeye anataka kuondoka. Lakini aliyeshika lango la bandari siku hizo alikuwa Anis, na kaka yake Anis alikuwa askari aliyepelekwa Nzuani mwaka wa tisini na saba kukirudisha kisiwa kwa nguvu. Walimrudishia mama yake viatu tu.

"Wanawake na watoto wapite," Anis alitangaza pale langoni, na panga lake limefungwa kitambaa mpinini. "Mwanamume wa Mutsamudu hapiti hapa akitembea."

Watu walikuwa wameona maana yake. Kuna mmoja alijaribu asubuhi ile.

Siku ya meli Hayati alikwenda kazini kama kawaida, mkoba wa vyombo begani. Mkurugenzi alikuwa amejifungia kwake, akipiga simu tu kuuliza kama lango limekamilika. Kwenye kibanda alikuwapo Mourchid, mlinzi mzee, na vijana wa Anis wameketi kwenye kivuli chake bila kumwomba.

"Nina kazi ya kupima," Hayati akasema. "Gari tupu na gari lenye mzigo hazisomeki sawa. Litapita na kurudi, litapita na kurudi, mpaka mashine ishike. Msinipigie kelele."

"Wiki nzima, Fundi!" Anis akacheka. "Bado inajifunza kusoma?"

"Inakuzidi wewe. Yenyewe haijarudia darasa."

Wenzake wakamzomea, naye akacheka pia. Utotoni alikuwa akifuturu kwa mama yake Hayati, na alikuwa mlafi wa uji.

Lori aliliendesha Daroueche, mwana wa mama mdogo wake Hayati, mtu wa maneno machache na jasho jingi. Lilipakiwa magunia ya karafuu kutoka ghala lililo nyuma ya msikiti, ng'ambo ya barabara. Mara ya kwanza vijana walilisimamisha, wakapanda juu, wakachoma magunia kwa fimbo za chuma, wakamsemesha Daroueche mpaka wakajua ukoo wake wote. Mara ya pili vivyo hivyo. Na Hayati hakuwa anaigiza. Kazi yenyewe ilikuwa ya kweli. Kisomaji kilishika lori likiwa bado barabarani, ikabidi apunguze nguvu. Akakizungusha kidogo kwenye nguzo. Kikashindwa kuliona. Akakirudisha. Kila mara lori lilipita, likageuza gatini, likarudi ghalani, likaja tena.

Hakuna kinachochosha macho kama kitu kimoja kinachorudi. Mchana ulipokolea, kijana mmoja tu ndiye aliyeinuka, akapiga gunia kofi kama anayempiga ng'ombe, akaenda zake akipiga chafya za karafuu. Baadaye hata huyo hakuinuka. Wakacheza karata.

Baada ya sala ya adhuhuri, kule ghalani, Mikidache aliingia kwa mlango wa uani akiwa amevaa buibui la mkewe. Daroueche akamlaza katikati ya magunia, akampangia mengine juu.

Hayati akaliona lori likija. Akatazama kompyuta, kwa kuwa mtu anayepima hutazama kompyuta. Lori likakaribia nguzo. Taa ya kijani ikawaka, ikazima. Nyekundu ikawaka. King'ora kikalia.

Daroueche akasimama. Karata zikasimama. Kwenye kompyuta, kwa herufi nyeupe na wazi, yalitokea majina mawili. La Daroueche. La Mikidache.

Hayati akaelewa papo hapo. Bila kadi hupiti. Hata ukiwa mume wangu. Na yule mwanamume mtiifu, amelala chini ya magunia, roho mkononi, alikumbuka kubeba kadi yake ili lango lifunguke! Angekuwa amelala kati ya mapipa ya chuma, mawimbi ya kisomaji yasingeifikia kadi. Lakini karafuu haizuii kitu.

Mourchid naye alikuwa ameyasoma majina. Mzee akaweka kikombe chake cha chai taratibu, akajisogeza mpaka mgongo wake ukaziba dirisha la kibanda.

"Imesema nini?" Anis akauliza. Alikwishasimama.

"Imesikia kadi mbili," Hayati akasema, na kicheko kikatoka, hata yeye hakujua kilitoka wapi. "Mpumbavu ni mimi. Ya mume wangu ninayo hapa mkobani. Nimesogea karibu na gari, imeisoma."

"Kadi ya Mikidache?"

"Aliiacha. Alitoka juzi kwa ngalawa upande wa kusini, ulitaka abaki na kadi ya kazi gani?"

Uso wa Anis ukabadilika. "Itoe niione."

Hayati akatia mkono mkobani, akatoa kadi. Ilikuwa ya fundi, ya majaribio, isiyo na jina. Nje zilifanana zote: nyeupe, nene, na nambari ndogo ubavuni. Anis akaigeuzageuza. Akili hakukosa yule kijana. Kusoma tu ndiko kulikomshinda.

"Ipitishe kwenye mashine. Iseme yenyewe ni ya nani."

"Gari linaziba. Liondoke kwanza, la sivyo italia mpaka jioni." Akageuka, akapaza sauti yake ya kuwafundishia madereva. "Daroueche! Pita! Sheikh Mourchid, nyanyua kwa mkono!"

Mourchid akamtazama. Alijua. Alikuwa na mke kiziwi na wajukuu, na angeweza kusema boriti imekwama, hakuna ambaye angemlaumu. Akatoka kibandani, akashika boriti kwa mikono miwili, akainyanyua. Lori likapita chini yake likielekea gatini, kwenye mashua.

Anis hakulitazama lori. Aliitazama kadi.

"Sasa," akasema.

Hayati akaisogeza chini ya kisomaji polepole kadiri alivyoweza. Akapiga hatua ndogo ndogo. Akaeleza kwamba mashine ikilia sana hupata joto. Akaeleza habari za betri. Kwa mara ya kwanza maishani alieleza na kumwomba Mungu wakati huo huo. Mwisho kadi ikasomwa. Taa ya kijani ikawaka, na kwenye kompyuta likatokea neno moja: JARIBIO. Anis akamwita mwenzake aliyejua kusoma.

Anis na wenzake walipofika gatini, mashua iliyombeba Mikidache ilikuwa imekwisha ondoka.

Hayati hawakumgusa, wala Daroueche. Walikuwa watoto wa mji, wenye wajomba. Ghadhabu ikatafuta pengine pa kwenda, ikampata aliyenyanyua boriti. Hayati alijitupa katikati, akavutwa mtandio na wanawake wa sokoni, akashikwa. Alisikia yote. Alipiga kelele kwamba ni yeye, ni yeye, ni yeye. Anis akamjibu bila hata kugeuka, "Tunajua, dada."

Mourchid hakufa. Jicho moja liliharibika kabisa, na mkono uliunga vibaya. Hayati alikuwa akimpelekea chakula kila Ijumaa, na mzee alikula akimgeuzia upande wenye jicho zima.

"Mashine yako inaona mbali, Fundi," akasema siku moja. "Sasa ndiyo imeniacha kabisa."

Hayati akacheka kwa kuwa mzee alitaka acheke. Kisha akaenda uani akatapika.

Upepo wa kusi ulipotulia, miezi kadhaa baadaye, boti zikaanza tena kupita. Kampuni iliyomwajiri Hayati ilikuwa na lango jingine bandari ya Mutsamudu, na vifaa vyake vimelala kwenye masanduku tangu kabla ya vurugu. Wakamtuma Hayati. Alifunga kisomaji, akakipima, na kazi ilipokwisha akapanda teksi ya kuchangia hadi mtaa wa Hombo, akatafuta nyumba ya wifi yake, Nadjati.

Nadjati alimkumbatia, akalia, akamkalisha, akamletea juisi. Kisha akamuuliza habari za safari kwa mara ya pili, na Hayati akajua.

"Hayupo hapa?"

"Mwanamume mzima atalala vipi nyumbani kwa dada yake, na shemeji yumo? Alilala barazani, wifi. Mvua zote zile. Watu wakaanza kusema. Tukamtafutia nyumba."

"Nyumba."

"Anaitwa Batoul. Mjane. Nyumba nzuri, karibu na hospitali."

Hayati akainywa juisi yote. "Kumbe," akasema, "nilimsafirishia mwenzangu bwana. Na ushuru nikalipa mimi."

Batoul alimpokea kwa heshima, akamwandalia wali na samaki, hakumtazama machoni. Mikidache alikuwa amenenepa kidogo.

"Wewe bado ni mke wangu," akasema walipoachwa peke yao.

"Najua. Huna pa kulala tu."

"Ningerudi, Hayati. Wallahi ningerudi."

"Mourchid amepoteza jicho."

"Mourchid yupi?"

Chini ya magunia, king'ora kikilia, mtu haoni wala hasikii aliyenyanyua boriti. Hayati alijua hilo, na bado alimchukia kwa pumzi moja nzima, kisha ikapita. Akamweleza. Mikidache akafunika uso, mabega yakamcheza, na Hayati hakunyoosha mkono.

Alasiri akamsindikiza botini. Karibu na bandari palikuwa na vijana na mawe barabarani, kama walivyokuwa wale wa Moroni, tofauti ni mashati tu.

"Usiseme kitu," Mikidache akamnong'oneza. "Watakujua kwa sauti kuwa ni wa Moroni. Niachie mimi."

Kijana mmoja akanyoosha fimbo. "Huyu mama nani?"

Hayati akamtazama mumewe.

"Simjui sana," Mikidache akasema. "Ni fundi wa lango. Wameniagiza nimfikishe."

"Bubu?"

"Ana haya."

Fimbo ikashuka. Maneno yalimjaa Hayati mdomoni, ya kucheka na ya kukata, angeweza kumvua nguo pale pale mbele ya watu. Akayafungia ndani. Akainamisha kichwa kama mtu mwenye haya, akapita, na mumewe akabaki upande wa pili wa mawe.