Karatasi ya Kola

Asubuhi ile daktari wa moyo aliuliza swali dogo tu.

"Mama, karatasi ya operesheni iko wapi?"

"Ya nini tena, daktari? Mwanangu alishapona."

Miaka kumi na saba neno hilo, kupona, halikumwisha mdomoni. Binti alizaliwa na moyo wenye kasoro, akapasuliwa akiwa na miaka mitano, akarudi nyumbani anakimbia. Kliniki ilipomwita tena, mama akacheka: mtoto mzima tukamsumbue ya nini? Sasa binti huyo, fundi cherehani kama mama yake, ambaye kwa umbo lake dogo walimwita Kifungo, alikuwa ameangukia mashine ya kushonea, midomo imegeuka bluu.

"Hakupona, mama," daktari alisema taratibu. "Alitengenezwa. Walimwekea kibomba cha kupeleka damu mapafuni, cha kipimo cha mtoto. Yeye amekua, chenyewe hakikui. Alitakiwa kuonwa kila mwaka, maisha yake yote."

Fundi haelezwi vipimo mara mbili. Mama alishika ukingo wa meza. Miaka yote hiyo mwanawe alikuwa amevaa, ndani ya kifua, nguo ya mtoto wa miaka mitano.

Kesho yake jopo la madaktari lingeamua kama moyo uliochoka vile utastahimili kisu cha pili. Hospitali ya zamani ilishafungwa, mafaili hayajulikani yalikokwenda. Karatasi ya mama ndiyo pekee ingeonyesha nini kilishonwa wapi.

Na mama alijua ilipo. Ilikuwa karatasi nene, nzuri, isiyochanika ovyo. Aliikata mwenyewe.

Jioni, walipomruhusu Kifungo akalale nyumbani, mama alilipindua boksi lake la vielelezo juu ya meza ya kukatia. Zikamwagika kola, mikono, mifuko, karatasi zote alizozoea kulaza juu ya kitambaa ili afuatishe umbo. Akageuza moja moja. Nyuma ya kola ya sare za shule akakuta mhuri. Nyuma ya mfuko: *arudi kila mwa*. Mkasi ulikuwa umepita hapo hapo.

Akaziunga kwa pini mpaka ukurasa ukaanza kurudi. Katikati pakabaki shimo, duara la kwapa la gauni fulani, pale pale palipoandikwa habari za kibomba. Akapekua boksi mara ya pili. Ya tatu. Akapiga magoti, akapapasa chini ya mashine.

"Mama, unatafuta nini huko?" Kifungo aliuliza kutoka kitandani, akivuta pumzi kila baada ya neno.

Mama alimwonyesha. Hakuwa na nguvu ya kusema uongo.

Binti alitazama ule ukurasa wa pini. "Kumbe shule nzima ilivaa moyo wangu shingoni," akasema.

"Usinichekeshe, mwanangu. Nimekuua."

"Bado nipo, mama. Kesho wapelekee hivyo hivyo, na shimo lake." Akapumzika kidogo. "Ila wakikubali kunitengeneza, usimwambie mtu nimepona."

"Niseme nini?"

"Sema narudi mwakani. Hebu sema, nikusikie."

Mama alifungua kinywa. "Anarudi..." akaanza, na pini zikamchoma kiganja alivyozikumbatia zile karatasi. Neno la pili halikutoka. Kifungo alikuwa bado anamtazama, anangoja.