Habari Alizoleta Ndayisenga

Ndayisenga alikuwa akikata majani ya mbuzi katika bonde la Mabawe alipowaona wanaume wanne wakijaza risasi kwenye bunduki. Aliyaacha majani pale pale, akakimbia hadi ofisi ya kijiji.

"Shikamoo, kamanda," alimsalimu Leonidas, mkuu wa mgambo. "Bondeni kuna watu wana silaha. Wanaongea Kirundi."

Leonidas hakuitikia salamu. "Kirundi chenu."

Ndayisenga alizaliwa Mabawe. Mama yake ndiye aliyevuka mpaka kutoka Burundi akiwa na mimba yake. Hilo halikumsaidia. Rungu la kwanza lilimpasua mdomo. La pili lilivunja mkono aliouinua kujikinga. Mgambo wakamfunga kwenye nguzo ya baraza.

"Wamekutuma utupeleke bondeni watumalize?" Leonidas aliuliza, akamkanyaga mbavuni.

Alikuwa bado anampiga rungu, milio ya risasi iliposikika upande wa gulioni.

Baada ya muda Koleta, mke wa Ndayisenga, alifika mbio, gauni limelowa damu isiyo yake. Alimwona mumewe pale chini, akamwinamia. Ndayisenga akamnong'oneza kwamba alikuja kutoa taarifa.

"Majambazi wamewapora wanunuzi wa kahawa," Koleta alisema. "Wamefyatua ovyo. Leonidas, Francisca wako amekufa. Nilimshika mimi."

Francisca alikuwa mdogo wake Leonidas, wa tumbo moja. Rungu lilimponyoka. Akapiga magoti mbele ya Ndayisenga.

"Walikuwa sehemu gani?"

"Usimwambie!" Koleta alifoka. "Alipoambiwa alifanya nini?"

Ndayisenga alitema jino.

"Kwenye mikaratusi, chini ya chemchemi. Niliwaona wakificha mizigo yao pale, watarudi."

Walirudi kweli. Wananchi waliwazingira kwa mapanga na mawe. Wawili waliuawa hata sura zao zisitambulike, wawili wakatoroka kuelekea mpakani. Askari polisi walipofika walikuta maiti tu, hakuna wa kuhojiwa.

Baada ya maziko ya Francisca, mkutano wa usalama uliitishwa. Mgeni kutoka wilayani alisisitiza kwamba ulinzi ni wa kila mwananchi: atakayeona mgeni mwenye silaha atoe taarifa mara moja.

Koleta alisimama, akauinua mkono wa mumewe uliofungwa plasta.

"Huyu alitoa," alisema. "Hajaombwa hata radhi."

Leonidas alisimama, akaanza kusogea mbele. Ndayisenga hakumsubiri. Alimshika mkewe begani, wakatoka. Familia nyingine zenye asili ya Burundi zikainuka moja moja, zikawafuata.