Wale Wawili wa Kitabu cha Tano

Swali la kwanza lilimfikia Favour Jumanne asubuhi, hata uso hajanawa. Lilitoka kwenye namba asiyoijua: "Dada mwandishi, hongera kwa kutangaza kitabu cha mwisho. Tuambie jambo moja tu. Wale wawili watatokea mwanzoni au mwishoni?"

Akalisoma mara mbili. Wawili gani?

Alidhani mtu huyo amemchanganya na mwandishi mwingine. Lakini hadi chai inachemka, jumbe nyingine sita zilikuwa zimeingia, na nne kati ya hizo ziliuliza jambo lile lile. Mmoja aliandika, "Wale wawili wasife, tafadhali." Mwingine, mwalimu wa Misungwi, alijigamba kwamba yeye ameshawatambua tangu kitabu cha pili, ila hatawaharibia wenzake utamu.

Favour akakaa kitandani, simu mkononi, chai ikipoa. Ni jambo la ajabu kuulizwa habari za watu waliomo ndani ya kitabu chako mwenyewe, nawe huwajui.

Miaka minne ilikuwa imepita tangu amalize chuo na kupanga chumba Kiseke. Alikuwa akifundisha masomo ya ziada mchana, na alfajiri akiandika. Ndivyo ilivyozaliwa *Ziwa Lisilo na Ng'ambo*, vitabu vinne vyembamba vilivyouzwa kwenye maduka ya vifaa vya shule mjini Mwanza na kusomwa hadi Sengerema. Hadithi yenyewe ilikuwa hivi: katika nchi ya Irondo, ukungu ulishuka juu ya ziwa na kuimeza ng'ambo yote, na watu wake, na ng'ombe wao. Msichana mmoja asiye na ndugu, aitwaye Shija, aliyelelewa na mhunzi, akaapa kuirudisha.

Kitabu cha tano kilikuwa tayari. Katika sura ya mwisho Shija anaufikia mlango wa ukungu peke yake, anauegemea kwa mgongo ili usijifunge, na watu wa ng'ambo wanapita mmoja mmoja mpaka wa mwisho. Yeye anabaki humo milele. Favour alilia alipoiandika sura hiyo. Aliamini kabisa kwamba mtu mmoja mwenye moyo safi anatosha kuibadilisha dunia, na alitaka kila msomaji afunge kitabu akiamini hivyo. Elias, mchapaji wake pale mjini, alimpa hadi Ijumaa kuleta kazi, na tarehe ya kitabu kutoka ilikuwa imeshatangazwa.

Angeweza kuuliza tu: jamani, mnamsema nani? Lakini aliona aibu. Akawajibu wote neno moja, "Subirini." Wakafurahi sana. "Anatuficha huyu!" waliandikiana.

Siku hiyo na siku iliyofuata alivisoma vitabu vyake vyote vinne kama mpelelezi, kalamu mkononi, akipiga mstari kila palipotajwa viwili au wawili. Wavuvi wawili wa kitabu cha pili? Hao walishazama. Wafalme wawili? Hao walikuwa maadui, nani angewaombea wasife? Akabaki na mambo ambayo hata hakukumbuka kwa nini aliyaandika: vyungu viwili mlangoni kwa mhunzi, nyayo za watu wawili kwenye tope ambalo hakuna aliyewahi kulikanyaga. Nyayo zile aliziweka ili msomaji aogope kidogo, halafu akazisahau.

Alhamisi asubuhi akapanda kivuko kwenda Kamanga. Miongoni mwa walioandika alikuwa fundi cherehani mmoja wa huko aitwaye Kashindye, mama wa makamo, aliyekuwa akinunua kila kitabu siku kinapotoka. Huyo alikuwa ametuma ujumbe wa sauti, na nyuma ya sauti yake vyerehani vilinguruma. Favour alijiambia anakwenda kumshukuru msomaji. Ukweli ni kwamba alikuwa anakwenda kumchimba.

Banda la Kashindye lilikuwa hatua chache kutoka gatini, na vyerehani vitatu vilitazama mlango. Mama mwenyewe alikuwa hashoni. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, miwani puani, akiwasomea wenzake kitabu cha nne kwa sauti kubwa, nao wakishona. Favour akasimama pembeni kwanza. Hakuwahi kuyasikia maneno yake yakitoka kwenye kinywa cha mtu mwingine.

"Uzi!" akaita mwanamke wa cherehani cha kati, na Kashindye akanyamaza papo hapo katikati ya sentensi, kidole juu ya mstari.

"Hapa ni hivyo," mwanamke huyo alimwambia Favour huku akibadilisha kibiringo cha uzi. "Uzi wa mmoja ukiisha, wote tunasubiri. Asipitwe mtu. Karibu, dada. Una gauni?"

"Sina gauni. Shikamooni. Mimi ni Favour Ojwang."

"Marahaba," akasema Kashindye, kisha akaliangalia jalada, akamwangalia tena mgeni. "Ojwang huyu? Wewe? Mbona mdogo hivi!"

"Mimi nilijua ni mzee mwenye ndevu," akasema yule wa uzi, ambaye jina lake lilikuwa Queen. "Mtu anayeua watu wengi namna ile kitabu cha tatu, lazima awe na ndevu."

Walimpa kiti, wakampa soda. Favour akaanza kwa hila yake aliyoipanga tangu kwenye kivuko. "Mama, wasomaji wengi wananiuliza habari za wale wawili. Nilitaka kujua, wewe unadhani wako wapi?"

"Unanitega," Kashindye akacheka. "Haya, nitege. Wako ndani ya ukungu. Walitangulia. Ndiyo maana ya zile nyayo topeni. Na vile vyungu viwili kwa mhunzi, mimi nilipoviona nikafunga kitabu kabisa, nikawaambia hawa: mnaona? Kwa bibi yangu vyungu vya kuwawekea mapacha vilikaa hivyo hivyo, kushoto na kulia."

"Mapacha," akasema Favour.

"Sasa wangekuwa nani?"

"Na... ulijuaje kwamba ni mapacha?"

Kashindye akavua miwani. "Si wewe mwenyewe ulimwita Shija? Shija hazuki tu, mwanangu. Anatoka Kulwa, anatoka Doto, mimba inayofuata ndiyo Shija. Mimi naitwa Kashindye kwa sababu nilitanguliza miguu, na hakuna Msukuma atakayeniuliza nilizaliwaje. Umeandika Shija hana ndugu, ukurasa wa kwanza kabisa. Tukatazamana hapa. Tukasema, huyu mtoto kafichwa kitu! Miaka minne tunasubiri akijue."

Favour angeweza bado kutabasamu na kusema subirini. Wangemwamini. Lakini mama yule alikuwa amemwangalia usoni kwa imani nyingi mno, akashindwa kumdanganya.

"Mama, hilo jina nilikuta limeandikwa dukani. Pale Usagara. Gari lilisimama, nikaona kibao, 'Shija Vifaa vya Ujenzi.' Nikalipenda jinsi linavyosikika. Sikujua lina maana."

Vyerehani vyote vikasimama, na safari hii hakuna uzi ulioisha.

"Duka la misumari!" Queen akapasuka kicheko, akajiinamia juu ya kitambaa. "Jamani! Shija wa Irondo, bei ya bati ni ngapi?"

Kashindye hakucheka. "Kwa hiyo hawapo."

"Hawapo."

"Kitabu cha tano kimekwisha, na hawapo."

"Anaingia peke yake, Mama. Anabaki peke yake."

Mama akakifunga kitabu, akakiweka mapajani, akalipangusa jalada kama lina vumbi. "Mimi ndiye niliyewaambia hawa kwamba watakuja," alisema polepole. "Na mke wa nahodha wa kivuko, na wale wa gengeni. Nimewaapia."

"Nisamehe."

"Hujanikosea. Umeandika tu kitu usichokijua." Akafikiri. "Wewe ni mtu wa Mara, siyo? Mjaluo. Kwenu mapacha hamna?"

"Tunao."

"Na mtoto anayewafuata, mnamwitaje?"

Favour akafungua kinywa ajibu upesi, kama anavyojibu swali la mwanafunzi, na hapo ndipo akalisikia neno lenyewe. Hakuwahi kulifikiria jina la Shija pamoja na hilo la kwao. Ilikuwa kama mtu aliyetafuta ufunguo nyumba nzima na kuukuta kiganjani mwake.

"Akiwa wa kiume, Okelo. Wa kike, Akelo."

"Haya. Unamjua Akelo yeyote?"

"Ni mimi," akasema. "Ndilo jina langu la nyumbani. Huku mjini natumia la ubatizo."

Queen akaacha kucheka. "Na mapacha wenyewe?"

"Walikufa wakiwa wachanga. Apiyo na Adongo. Walikuwa dada zangu."

"Walikuwa wakoje?" Kashindye akauliza.

"Sijui."

"Waliishi muda gani?"

"Sijui, Mama. Nyumbani ukianza kuwataja, mama yangu anakumbuka ghafla kwamba ana kazi nje. Nikaacha kuuliza. Nilikuwa mdogo."

Alitumaini mama huyu atamwambia la kufanya. Alikuwa na uso wa mtu anayejua la kufanya. Lakini Kashindye alirudisha miwani puani na kukifungua kitabu pale pale alipokuwa amekiachia. "Hapo siwezi kukusaidia," alisema. "Mimi niliwangoja wa kitabuni tu. Hao wengine wana mwenyewe."

Favour alirudi gatini jua likiwa utosini. Kivuko kilikuwa kinapakia magari. Akakaa juu ya jiwe, akampigia Elias.

"Kesho sileti," alisema. "Nipe wiki tatu."

"Favour! Umeshatangaza tarehe! Kuna nini, umeugua?"

"Hapana. Kitabu kina upungufu wa watu wawili."

"Watu wawili? Waongeze leo usiku, uniletee kesho. Watu wawili ni kurasa ngapi?"

"Siwajui bado, Elias."

Elias akasema waandishi watamwua siku moja, na kwamba wiki tatu ni wiki tatu, si nne. Favour akamshukuru. Akaandika ujumbe kwa wasomaji: kitabu kitachelewa, kosa ni langu. Akautuma kabla hajapata nafasi ya kuupamba.

Namba ya mama yake aliitazama muda mrefu. Alimpigia kila Jumapili. Leo ilikuwa Alhamisi.

"Akelo, nyara, binti yangu," mama akapokea haraka, "kuna nini? Nani anaumwa?"

"Hakuna, Mama. Nina swali. Usitoke nje."

"Nitoke wapi, nipo nje tayari. Naanika mihogo."

"Apiyo na Adongo," akasema, na majina hayo yalikuwa mageni mdomoni mwake kuliko majina yote aliyowahi kuyabuni. "Walikuwa wakoje?"

Alisikia upepo wa kwao Rorya ukipiga kwenye simu. Alisikia kuku. Akajiandaa kuambiwa mvua inakuja, au mihogo inaliwa na mbuzi.

"Nani amekutuma?" mama akauliza.

"Hakuna aliyenituma. Nataka kuwajua. Ninaandika habari za mtu aliyezaliwa akiwafuata wawili, nami sikujua kama wapo. Nimemwingiza mahali pabaya peke yake na kumwacha humo."

"Peke yake kwa nini, na wenzake wametangulia humo?"

Sura yote ya mwisho, ambayo Favour aliililia, ilikuwa imekwenda upande kwa swali moja.

"Apiyo alikuwa na fujo," mama akasema ghafla. Sauti yake ilikuwa kavu, kama ya mtu anayefungua sanduku la zamani na kuogopa vumbi. "Miezi saba, lakini alijua kugombana. Titi analitaka la mwenzake. La kwake analiacha, analitaka la mwenzake! Na Adongo anampa. Anatazama tu, anampa." Akacheka kidogo, akashangaa mwenyewe kwamba amecheka. "Hakuna aliyewahi kuniuliza walikuwa wakoje. Watu waliniuliza waliugua nini."

"Mimi nakuuliza walikuwa wakoje."

"Ni habari ndefu."

"Nina muda, Mama."

Kivuko kikapiga honi. Mkata tiketi akampungia Favour mkono, haraka, haraka, dada. Favour akatikisa kichwa, na lango la chuma la kivuko likapandishwa taratibu.

"Basi ngoja nivute kigoda," mama akasema.